Tahadhari: Anayeuza "picha za hina" Moshi na Arusha, msimtumie kianzio

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, hasa mlio na harusi, sendofu au Idi mbele yenu: kuna mtu anachukua oda Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp za picha za sura zilizochorwa kwa hina. Unamtumia picha ya bibi na bwana harusi, unalipa nusu, unaahidiwa kanvasi au ubao wa kutundika sebuleni. Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu linabadilishwa kila malalamiko yakizidi. Nitaeleza mwendo wake, mtamjua kwa jina lolote atakalokuja nalo.

Mimi nachora hina hapa Majengo, ndiyo maana kesi hizi zinaniangukia. Juzi kaja mama mmoja wa Pasua na kifurushi alichomwagizia binti yake: "Mwanangu, hebu niangalizie, hii ni hina kweli?" Ilikuwa picha ya simu iliyopitishwa kwenye programu ya kuigeuza ionekane mchoro, ikachapishwa kwa rangi ya kahawia, kisha pembeni pakatiwa nukta chache za rangi nzito ili ukipitisha kidole uhisi kitu. Nikagusa kona kwa kitambaa kibichi, wino wa printa ukatoka. Mama kalipa elfu tisini, na huyo ana nafuu, maana wengine hawaletewi kitu kabisa.

Kinachonishangaza ni kwamba sampuli zenyewe zinamsema, ila watu hawaziangalii. Tazameni maua. Kila mchoraji ana mkono wake. Picha moja ina maua makubwa yenye nafasi, mtindo wa Kiarabu. Inayofuata imejazwa vijani na vidirisha hadi ncha za vidole, kazi ya Kihindi kabisa. Ya tatu ni hina nyekundu na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, kama tunavyojipamba Pwani. Fundi mmoja anaweza kujifunza mitindo yote mitatu, sawa, lakini unene wa mstari na namna anavyomalizia jani havibadiliki. Pale kuna mikono ya watu wanne au watano, na hakuna hata video moja inayoonyesha koni, kile kifuko chenye ncha cha kuchorea hina, ikitembea.

Halafu vivuli. Hina ya koni ikishika inatoa rangi moja. Kivuli cha pua au shavu tunakipata kwa mistari myembamba na nukta zilizosongamana. Sampuli zake zina kivuli laini kinachofifia taratibu kama cha penseli. Koni haichori hivyo. Na zile za mikononi, anazoandika "imebanduliwa sasa hivi", tayari ni nyeusi tii. Hina halisi ikibanduliwa ni ya rangi ya machungwa, inakolea siku moja au mbili baadaye.

Niwe mkweli pia: picha nyingi za kanvasi mnazoziona mitandaoni, hata za mafundi waaminifu, zimechorwa kwa rangi ya akriliki iliyotiwa kwenye koni. Kanvasi ya dukani imeshapakwa rangi ya msingi, hina haiingii, inakaa juu na kubanduka. Hina yenyewe inashika vizuri kwenye ubao mtupu usiopigwa vanishi. Akriliki si utapeli mradi umeambiwa. Muulize muuzaji swali hilo, hina au akriliki, usikie anavyojibu. Huyu kamjibu mteja kwamba anatumia "hina ya kanvasi kutoka Dubai".

Kwenye fedha, anaanza na kianzio. Wiki ya kukabidhi inaingia hela ya fremu. Kisha anasema mzigo umeshapakiwa kwenye basi, tuma nauli yake. Ukiomba picha ya risiti ya mzigo, anakasirika kwamba humwamini. Eti yuko Arusha karibu na Mnara wa Saa, lakini ukisema unakuja mwenyewe, leo yuko Karatu na kesho yuko msibani. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri si la ukurasa wala si lile analojiita. Hapo hapo simamisha muamala.

Lililoniuma zaidi si fedha. Bibi harusi mmoja alimtumia picha aliyopigwa nyumbani bila ushungi, kwa kuwa aliambiwa nywele zinahitajika ili sura itoke vizuri. Alipoanza kudai hela yake, picha ile ikapandishwa kwenye ukurasa kama kazi ya "mteja wetu". Dada zangu, mtumieni mchoraji picha ambayo hata ikivuja mtaani hamtajificha. Anayejua kuchora anachora ushungi na ukakupendeza.

Tena sasa ameanza kuuza koni, "hina nyeusi ya dakika kumi". Hiyo msiipake kwa mtu, mtoto ndiyo kabisa. Hina ya majani haipatikani nyeusi kwa dakika kumi. Inakaa mwilini saa kadhaa, na ikishakorogwa kwa ndimu na sukari haimalizi wiki nje ya friji. Inayotoa weusi wa haraka ni dawa ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye dawa za nywele isizidi asilimia 2, na kuichorea ngozi hakuruhusiwi. Inaweza kutoa malengelenge siku kadhaa baadaye, ikaacha kovu lenye umbo la ua lile lile, na mwili ukaikataa dawa ya nywele maisha yote. Najua piko ni mapambo yetu na wengi wameipaka bila kudhurika, lakini mimi nimeshaacha kuipaka wateja.

Desemba inakaribia, watu wanapanda kutoka Dar na harusi zinafuatana, naye ndipo anapovuna. Mliokwisha kuliwa, tumeni namba yake kwenda 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti namba za kitapeli, kisha nendeni polisi na meseji za muamala. Mazungumzo msiyafute hata kama yanawatia hasira, na pigeni picha ukurasa kabla hajabadili jina.