David Hockney katika Tate Britain, 2017: miaka 60 ya kutazama upya

Mtu aliyeingia bila kulijua jina la mchoraji Mwingereza David Hockney katika maonyesho yake yaliyofanyika kwenye jumba la sanaa la Tate Britain, London, kuanzia Februari hadi Mei 2017, angeweza kudhani kuwa vyumba vile wamegawiwa wachoraji wanne. Yumo kijana wa Bradford, mji wa kaskazini mwa Uingereza, anayechanganya maneno na rangi nzito, yumo mchoraji wa mabwawa ya kuogelea ya California, yumo mbandikaji wa picha za kamera, na mwishoni yumo mzee anayechorea kwenye iPad.

A Bigger Splash ya 1967 inastahili sifa zake: bwawa, ubao wa kurukia, na maji meupe yaliyoruka pasipo mtu kuonekana. Maji hayo ya sekunde mbili yalimchukua Hockney takriban wiki mbili kuyachora. Hata hivyo, mimi nilikawia zaidi mbele ya My Parents ya 1977. Mama, aliyevaa gauni la buluu, ameketi wima, mikono mapajani, akimkabili mwanawe anayemchora. Baba ameinamia kitabu, visigino vimeinuka sakafuni, kama mtu aliyechoshwa na kukalishwa. Hawatazamani, na bado inaonekana wazi kuwa ni watu waliozoeana miaka mingi.

Picha zake dhahania za miaka ya 1990 nilizipita upesi, kwani rangi zinapiga kelele bila kusema jambo. Kolaji zake za miaka ya 1980, yaani picha nyingi za kamera zilizobandikwa pamoja kuwa moja, ndizo zinazoeleza kwa nini hakutulia mahali pamoja. Kwa maoni yake, kamera huona kwa jicho moja na kwa nukta moja ya wakati, ilhali binadamu hutazama huku akigeuza shingo na kusogea. Ndiyo maana Pearblossom Highway ya 1986, inayoonyesha barabara ya jangwani huko California, imeunganishwa kwa mamia ya picha, kila kitu kikiwa kimepigwa kwa karibu. Ili kulipata bango la kusimamisha magari uso kwa uso, ilimbidi apande ngazi.

Hoja hiyo hiyo inarudi katika video zake za njia ya msituni huko Yorkshire, msimu mmoja kila ukuta, skrini tisa kwa kila msimu. Kila kamera imeelekezwa pembe yake, kwa hiyo tawi linalotoka skrini moja haliungani sawasawa na lile la skrini ya jirani, na mtazamaji analazimika kuchagua pa kuangalia. Nilianza na theluji, nikajikuta nimezunguka kuta zote nne mara mbili.