Korosho za Mtwara na ufuta wa Lindi: tija imekua wapi?

Wakulima wa Newala na Tandahimba, wilaya za Mtwara, wanajua vizuri habari ya mavuno kupanda na kushuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ikawa mbovu, kisha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukakausha maua. Naona kilichorudisha tija hasa ni kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara: salfa ya kuzuia ubwiriunga inayopulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani, pamoja na miche bora ya kubebeshwa. Msimu wa 2017/18 ukavuka tani 300,000.

Lindi nako korosho zipo, ila ufuta ndio unaoitofautisha. Unakomaa kwa miezi mitatu hadi minne na hauhitaji salfa. Lakini kufyeka pori jipya ili kupanda ufuta si kukuza tija. Tija ni kilo zaidi kwenye ekari ileile. Na ukichelewa kukata, maganda yanapasuka, mbegu zinamwagika zote chini, inauma sana.

Mwenye ardhi yake namshauri mikorosho. Anayekodi shamba kila msimu, ufuta unamfaa zaidi.