Taarifa ya Mapato na Matumizi ya Kijiji: Tathmini ya Huduma Baada ya Mwaka Mmoja

Kwa mwaka mmoja sasa nimefuatilia huduma moja ya ofisi ya kijiji ninachoishi, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nayo ni taarifa ya mapato na matumizi, ile inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kijiji sikitaji kwa jina, kwa sababu niliyoyaona yanahusu utaratibu kuliko watu, na watu wenyewe ni majirani zangu. Huduma hii tunailipia. Kila kaya imetoa mchango wa fedha kwa ajili ya darasa na choo cha shule, na imetoa pia mchanga, mawe na siku za kazi, hivyo naona ni haki kuipima kama mtu anavyopima huduma nyingine yoyote aliyoilipia.

Kipimo chenyewe kimewekwa na sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa mamlaka ya juu kabisa katika kijiji, huku Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, ikitekeleza yale yaliyoamuliwa. Mkutano wa kawaida unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu ilifanyika mitatu. Wa nne uliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa kuwa ulipangwa katika wiki ya kupanda mahindi, jambo ambalo mkazi yeyote wa hapa angeliona mapema kama angeulizwa.

Nianze na ubao. Umetundikwa kwenye ukuta wa mbele wa ofisi, umefunikwa kwa wavu ili karatasi zisichanwe, na mvua haiufikii. Taarifa ya robo mwaka ilibandikwa kwa wakati mara zote tatu, imechapwa, ina saini ya Mwenyekiti na Mtendaji pamoja na muhuri. Vijiji ambavyo ubao wake umebaki na matangazo ya chanjo ya mwaka juzi ni vingi, na kwa hilo ofisi yetu inastahili sifa bila masharti. Hata hivyo, anayeisoma karatasi ile kwa makini anabaki na maswali. Fungu la "matumizi mengineyo" katika robo ya pili lilikuwa kubwa kuliko fungu la saruji, na "malipo ya fundi" hayakueleza ni fundi yupi wala ni kazi gani. Zaidi ya yote, nguvu za wananchi hazimo kabisa. Boma la darasa limefika usawa wa lenta kwa tofali tulizofyatua na kuzichoma wenyewe, lakini mtu atakayeisoma taarifa ile miaka kumi ijayo ataamini kwamba darasa limejengwa kwa fedha taslimu peke yake. Mchango wa mwanamke aliyesomba maji ya kufyatulia tofali kwa siku sita unastahili mstari wake kwenye hesabu, kwa sababu ni mali aliyoitoa.

Mkutano wenyewe unatangazwa kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki, siku saba kabla, na tangazo linafika hadi vitongoji vya mbali. Huchelewa kuanza, mara nyingine kwa saa mbili. Hilo sitalitilia uzito mkubwa, ingawa akina mama wenye watoto wadogo huondoka kabla ajenda ya fedha haijafikiwa, na ingekuwa vyema ajenda hiyo itangulizwe.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo ni kuhusu ajenda inayopitishwa haraka kuliko zote: yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita. Katika mkutano wa kwanza mama mmoja alisimama akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, ile mifuko 40 ya saruji ya choo cha shule, mbona pale shuleni tumeiona michache?" Alijibiwa kwa adabu: "Mama, swali lako limepokelewa, litafanyiwa kazi." Miezi mitatu baadaye muhtasari ukasomwa, na sentensi inayohusu jambo hilo ilikuwa hii: "Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu saruji, akajibiwa." Jibu lenyewe halikuandikwa, wala jina la aliyepewa kazi ya kufuatilia, wala tarehe. Kama muhtasari ule ungethibitishwa hivyo, swali lingezikwa kihalali mbele ya watu zaidi ya mia, na mama yule angehesabiwa kuwa ameridhika.

Nilinyoosha mkono nikaomba sentensi irekebishwe kabla ya kuthibitishwa, iandikwe kwamba swali halijajibiwa na kwamba mtunza stoo ataleta leja katika kikao kijacho. Mwenyekiti alikubali, na hapo namsifu, kwa maana angeweza kuniambia nakwamisha shughuli. Katika mkutano wa tatu leja ililetwa na kusomwa mstari kwa mstari. Mifuko 12 ilikuwa imeazimwa na zahanati kukarabati sakafu ya chumba cha kujifungulia, kwa idhini ya Kamati ya Huduma za Jamii, na ilikuwa bado kurudishwa. Hakuna aliyeiba. Lakini kwa miezi sita nusu ya kijiji iliamini kwamba saruji imeliwa, na kaya kadhaa katika kitongoji chetu zilikataa kutoa mchango wa mabati kwa sababu hiyo. Dakika tano za kufungua leja katika mkutano wa kwanza zingeokoa mchango huo pamoja na heshima ya mtunza stoo, ambaye alikuwa amesalimiwa vibaya njiani kwa muda wote huo.

Upande wa stakabadhi kuna tofauti inayonisumbua. Ushuru wa mazao unaokusanywa kwa ajili ya Halmashauri ya Wilaya unakatiwa risiti papo hapo kwa mashine ya POS, lakini mchango wa kijiji unaandikwa kwenye kitabu cha stakabadhi kwa mkono, na mara mbili niliambiwa kwamba kitabu kimekwisha, niache jina kwenye daftari. Sikuliacha. Nilirudi na fedha yangu siku kitabu kipya kilipofika.

Kuhusu ardhi, huduma ni dhaifu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu, na inaitaka itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida. Katika mikutano mitatu taarifa hiyo ilitolewa mara moja tu, tena kwa mdomo, chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kunyanyuka. Kwa wakulima hakuna hesabu kubwa kuliko hiyo.

Nakala ya muhtasari niliipata kwa kuandika barua. Mwanzoni niliruhusiwa kuusoma mezani pekee. Nilipoitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa siku 30 za kujibu ombi, Mtendaji aliniambia niandike ombi rasmi, na siku ya tisa nikapewa nakala yenye muhuri. Alinihudumia bila kinyongo. Ni haki pia kusema kwamba mtu huyu mmoja anaandika mihtasari, barua za utambulisho na taarifa za kata, anakusanya ushuru na kusuluhisha kesi za mifugo, hana karani, na mashine ya kunakilia iliyo karibu iko makao makuu ya kata.

Kwa jumla ya alama kumi ninaipa huduma hii sita: ubao na utangazaji vinabeba nyingi, na utunzaji wa kumbukumbu za maswali pamoja na taarifa ya ardhi vimezipunguza. Anayetaka kuhudhuria afike mapema, akae karibu na meza kuu ili asikie muhtasari ukisomwa, na awe ameiandika karatasi ya ubaoni kwenye daftari lake, kwa sababu inayosomwa mkutanoni hufupishwa. Swali aliulize kwa kutaja kiasi na tarehe, kisha aombe liandikwe vilevile alivyolisema. Mkutano ujao umepangwa baada ya mavuno, na zahanati imetakiwa iwe imerudisha ile mifuko 12. Safari hii imeandikwa, na jina la anayewajibika lipo.