Kipimo cha vinasaba kwa mitamba: soma safu ya uhakika kwanza

Nafuga ng'ombe wa maziwa, wengi wao Holstein na wachache machotara. Nimetumia huduma ya maabara inayopima vinasaba vya mitamba, ili kujua ukoo wao na kukadiria maziwa watakayotoa. Kipimo chenyewe hakisumbui. Unaletewa koleo na vichupa vyenye namba, unatoboa sikio la ndama kama anayevishwa hereni, kipande cha ngozi kinaingia kwenye dawa ya kukihifadhi, kisha unatuma maabara.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukoo, kuliko hata makadirio ya maziwa. Mtamba mmoja alinunuliwa na karatasi zinazotaja baba fulani. Vinasaba vikaonyesha baba mwingine kabisa, na mbegu za huyo baba halisi ndizo nilizokuwa nimemwandalia! Kwa hilo tu nawashukuru.

Ripoti pia hutaja wanaobeba kasoro za kurithi. Mwenye Holstein aangalie HH1: kijusi kikiirithi kwa baba na kwa mama, mimba huharibika, nawe unabaki kudhani ng'ombe hashiki. Kasoro hii imefuatiliwa hadi kwa dume wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Uzao wake ulikuwa na maziwa mengi, kwa hiyo damu yake ikaenea duniani. Mbebaji simchinji wala simuuzi. Namtafutia dume asiyebeba, basi.

Sasa makadirio. Maabara husoma alama kama elfu 50 kwenye jenomu, yaani vinasaba vyote vya mnyama, na kuzilinganisha na kundi la rejea: ng'ombe ambao maziwa yao yamekwisha kupimwa. Kwa Holstein safi, uhakika wa kukadiria maziwa kwa kutazama wazazi peke yao ni karibu asilimia 35. Vinasaba huusogeza karibu na 70, mtamba akiwa bado hajapandishwa. Hayo ni mengi, na mimi huyatumia kuchagua wa kubaki zizini.

Machotara wangu ndipo huduma iliponiudhi. Walipangwa kwa kulinganishwa na Holstein safi, wakati nusu ya damu yao haimo kabisa kwenye kundi hilo la rejea. Safu ya ripoti inayotaja uhakika wa kila kadirio, iliyoonyesha udhaifu huo wazi, ilifichwa ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Mfugaji anayeishia ukurasa wa kwanza anaweza kuuza mtamba mzuri.

Natoa nyota 4 kwa Holstein safi, 2 kwa machotara. Kabla ya kutuma sampuli, waulize kundi lao la rejea lina mifugo ya aina gani, na wakujibu kwa maandishi.