Gramps na sanduku la bati la bibi: uzoefu wangu wa miezi minane

Nilichorithi kwa bibi ni sanduku la bati lililojaa karatasi: risiti za kodi za enzi ya Mwingereza, vyeti vya ndoa, picha za studio zenye maandishi mgongoni, na barua saba za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwenye laptopu nako kulikuwa na balaa jingine: picha zaidi ya mia nne kutoka kundi la WhatsApp la ukoo, zote zinaitwa IMG na tarakimu ndefu, na mafaili matatu ya "ukoo mpya", "ukoo mpya 2" na "ukoo WA MWISHO".

Nilianza kuandika ukoo kwa Excel, ikanifikisha watu arobaini hivi. Babu mzaa babu alikuwa na wake watatu, mmoja akaachwa akarejewa, na jedwali likatatizana kama wavu. Ndipo nikapakua Gramps. Ni programu ya bure ya kuhifadhi habari za ukoo, ilianza 2001, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Taarifa zinabaki kwenye kompyuta yako, hakuna akaunti ya kufungua. Hilo lilinituliza, maana habari za nani kazaa na nani si za kuanikwa mtandaoni.

Siku ya kwanza nusura niifute. Kila nikiongeza mtoto inamjazia jina la mwisho la baba yake, Kizungu kabisa. Kwetu, tuseme Hamisi Juma akimzaa Salim, huyo ni Salim Hamisi, Juma hayumo tena. Nilifuta na kuandika jioni nzima, kumbe kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiambia isikisie jina lolote!

Kilichoniteka ni tarehe. Cheti kimoja cha ndoa kina Ramadhani 1347 tu, basi. Gramps inayo kalenda ya Kiislamu: unaandika kama ilivyo, inabaki kama ilivyo, na yenyewe inaipanga mahali pake, kati ya Februari na Machi 1929. Inakubali pia "takriban" na "kabla ya", na bila hayo bibi aliyezaliwa "mwaka wa njaa" ungemwandikaje? Ndugu wa kunyonya (walionyonyeshwa na mwanamke mmoja) hayumo kwenye orodha ya uhusiano, lakini unaruhusiwa kuongeza aina yako. Shangazi alisisitiza waandikwe wote, "asije mtu akaposa asipopaswa".

Ila programu haikupangii karatasi. Kila hati ukiiingiza kama chanzo hupewa namba: S0000, S0001, kuendelea. Namba hiyo naiandika kwa penseli kwenye bahasha ya hati (kwenye bahasha, hati yenyewe usiiguse), na ndiyo inayoanza jina la faili lake: S0031_1953_risiti-ya-kodi_Pangani. Mwanzoni nilipanga bahasha kwa majina ya watu, nikakwama. Barua moja inataja watu tisa, utaiweka kwa nani? Sasa zinafuatana kwa namba tu. Shangazi akiulizia risiti ya baba yake, natafuta jina, naona S0031, nainuka naichomoa.

Kasoro ipo. Picha hazikai ndani ya programu, inakumbuka tu folda zilipo. Mimi kwa ujuaji wangu nikahamishia folda kwenye diski ya nje, asubuhi nafungua, picha hata moja haionekani. Jasho lilinitoka. Kuna zana humo ndani ya kurekebisha njia za mafaili kwa mkupuo, ndiyo iliyoniokoa. Tangu hapo kila Ijumaa natoa nakala ya .gpkg, inayobeba ukoo pamoja na picha, ile ya .gramps inaacha picha nje. Moja inakaa kwenye flashi, nyingine namtumia binamu yangu aliyeko Muscat.

Na kama huna kompyuta, usihangaike, hii si ya simu. Menyu zake pia ni nyingi mno, nusu yake sijazigusa.

Zile barua saba ni S0044 hadi S0050. Zimeshaskaniwa, zina bahasha, ila sehemu ya maelezo bado tupu. Mwalimu wa chuoni amenisomea mbili. Ya pili inamtaja mke wa nne wa yule babu mzaa babu, ambaye si shangazi wala mtu mwingine yeyote aliyewahi kumsikia. Nimeshamfungulia namba.