Kadi rida ya kufunga ndani ya kompyuta: waya mmoja mweusi, na muuzaji wa "piga window"

Nimekasirika, na ninaandika nikiwa hivyo hivyo. Kadi rida yenyewe, kifaa cha kusomea memori kadi, ni ile ya kufungwa mbele ya kompyuta ya mezani, kwenye nafasi iliyokuwa ya floppy zamani, na waya wake unapita ndani hadi kwenye pini za USB za ubao mama (motherboard). Niliinunua Kariakoo miezi michache iliyopita. Inasoma kadi gani na gani imeandikwa kwenye boksi, sina haja ya kurudia. Ninachosema ni kwamba tangu siku ilipofungwa, kompyuta ambayo haikuwa na tabia ya kuzima hovyo ilianza kuanguka mara tatu, nne kwa siku, na chanzo kikubwa kilikuwa waya mmoja mweusi uliobanwa vibaya kiwandani.

Dalili zilikuwa za aina mbili zilizochanganyika, na hilo ndilo lililonichosha. Mara skrini ya bluu yenye maandishi DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Mara hakuna bluu wala nini: unasukuma memori kadi, ile milio ya Windows ya kuunganisha na kukata inapishana mfululizo, kipanya kinaganda, kibodi haisikii, mashine inajiwasha upya. Ukiiacha bila kadi inakaa hata siku nzima. Ukianza kunakili picha, hazifiki mia.

Nikairudisha dukani. Muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake iliyokuwa wazi ubavuni, taa ya bluu ikawaka, akaniambia: "Si unaona taa inawaka, bosi? Hii nzima. Hiyo window yako imechoka, kaipige upya." Nikamwomba aweke kadi anakili hata faili moja tu. Akasema hana kadi, akageukia mteja mwingine. Nyuma yake ukutani memori kadi zilikuwa zimetundikwa safu nzima.

Taa kuwaka hakuthibitishi kitu chochote. Taa ndogo kama ile inakula miliampea chache tu. Kadi ya SD ikisomwa kwa kasi inaweza kufika miliampea 200, na chipu ya kadi rida nayo inataka zake. Waya unaoshikilia kwa nyuzi mbili utawasha taa vizuri kabisa, kisha utashindwa pale kazi inapoanza. Anayeuza vifaa hivi kila siku hana udhuru wa kutolijua hilo.

Na hii "piga window" imetuharibia watu wengi. Mashine ikizima, piga window. Ikiwa nzito, piga window. Mteja anapoteza faili zake, analipia kazi, anarudi nyumbani na waya ule ule mbovu, na baada ya siku mbili mashine inaanguka tena. Kabla hujakubali, fanya jambo moja lisilogharimu kitu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter. Itafunguka chati ya siku kwa siku, na kila mwanguko una alama nyekundu ya X. Kwenye chati yangu, wiki zilizotangulia hazikuwa na alama hata moja. Nyekundu zinaanza siku ile ile kadi rida ilipofungwa. Windows haichoki kwa siku moja.

Usidanganyike na Kernel-Power 41 ukiikuta kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini. Penye habari ni kwenye folda ya C:\Windows\Minidump, kama skrini ya bluu iliwahi kuandika faili yake. Programu ya BlueScreenView itakufungulia faili hizo na kukuonyesha draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) iliyohusishwa na mwanguko. Zangu zote zilitaja draiva moja, iliyotoka kwenye CD ndogo inayokuja ndani ya boksi.

CD hiyo haina kazi. Kadi rida ya USB inaonekana na Windows kama flashi, na Windows inayo draiva yake tayari, USBSTOR. Kilichokuwemo kwenye CD kilikuwa cha kubadili vipicha vya drive, ili tundu la SD lionekane na picha ya SD na la CF (CompactFlash, aina nyingine ya memori kadi) na picha ya CF. Kwa pambo hilo, draiva ya zamani inajipachika katikati ya mfumo wa kuhifadhi data. Kuiondoa si kufuta programu tu. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, tafuta jina la mtengenezaji huyo, soma jina lake la oem lenye namba (mfano oem12.inf), kisha andika pnputil /delete-driver ikifuatiwa na jina hilo lote na neno /uninstall. Soma mara mbili kabla ya Enter, maana ukikosea namba utafuta draiva ya kitu kingine. Washa upya.

Skrini ya bluu ikakoma siku hiyo hiyo. Kuganda na kujiwasha upya kukabaki.

Hapo ndipo nilipochukua mita ya kupimia umeme. Kwanza zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi. Usiruke hatua hii: kwenye ubao mama nyingi pini za USB zinabaki na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi waya wa ukutani upo. Kisha chomoa plagi ya kadi rida kwenye ubao mama na upime ukinzani wa kila waya, ncha moja ya mita kwenye tundu la plagi, ya pili kwenye sehemu waya ulipounganishwa na bodi ya kadi rida. Mwekundu, mweupe na wa kijani zote zilikuwa chini ya omu 1, kama inavyotakiwa. Mweusi ulisoma omu 6. Nikaupinda kidogo karibu na plagi, ukaruka hadi 40, ukarudi 6.

Omu 6 inaonekana ndogo, ila ipigie hesabu. Kadi rida ikitulia na miliampea 50, zinapotea volti 0.3. Ikianza kusoma kadi na kuvuta 150, zinapotea 0.9. Nilipounganisha tena na kupima mwekundu na mweusi kwenye bodi ya kadi rida, nilipata 4.7 bila kadi na 4.1 wakati wa kunakili, kisha chipu ikakata na kuanza upya. Ndiyo milio ile ya kuunganisha na kukata. Na mweusi ndiyo njia ya umeme kurudi. Njia hiyo ikibanwa, umeme unatafuta pengine pa kurudia, kwenye nyaya za data au kwenye bati la kadi rida kupitia skrubu hadi kwenye keisi. Kwa hiyo ukikaza skrubu, tatizo linapungua, na ukisukuma kadi kwa kidole, bati linacheza na mashine inaganda. Mtu asiye na mita atazunguka mwezi mzima akilaumu RAM na pawa saplai.

Nikaitoa pini ya waya mweusi kwenye plastiki ya plagi: unainua kijilimi kidogo kwa sindano, unavuta taratibu. Nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia. Meno ya pini yalikuwa yamebana ganda la plastiki la waya, si shaba. Waya haukumenywa vya kutosha. Nyuzi mbili tu za shaba zilikuwa zimejitokeza pembeni zikagusa chuma, na moja ilikuwa imeshaanza kukatika. Huo ndio uhusiano wote uliokuwepo kati ya kadi rida na ubao mama.

Marekebisho hayafiki nusu saa. Kata milimita 5 za mwisho, menya milimita 3, sokota nyuzi, bana meno ya mbele juu ya shaba na ya nyuma juu ya ganda, weka tone dogo la risasi ya kulehemu, rudisha pini hadi isikike ikikamata. Hakikisha mpangilio haukubadilika: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi. Mita ikasoma 0.3. Volti ikasimama 4.95 hata wakati wa kunakili. Tangu hapo nimenakili kadi baada ya kadi na mashine haijaganda hata mara moja.

Lazima niseme haki: baada ya hapo kadi rida hii ni nzuri. Matundu hayalegei, pini za CF zote 50 zimenyooka, na kasi ni ile ninayoitarajia kwa USB 2.0. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiinunue kabisa. Sasa nasema inunueni, ila pimeni nyaya kabla ya kufunga na msiguse CD. Na wenye kompyuta za mtumba, tahadhari moja kubwa: baadhi ya ubao mama za zamani zina pini nyingine zinazofanana kabisa na za USB, pembeni pameandikwa 1394. Hizo ni za FireWire, aina nyingine ya muunganisho, na zina volti 12. Ukichomeka kadi rida hapo, umeiunguza. Soma maandishi yaliyo kwenye ubao, usifuate umbo. Kama mashine inakwama mapema kabla Windows haijaanza, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) na uhakikishe diski kuu iko ya kwanza, kwa sababu mashine nyingine huhangaika kutafuta mfumo kwenye kila tundu la kadi. Tundu nne huchukua herufi nne za drive pia, basi kama una diski ya nje au folda ya mtandao yenye herufi E au F, ipe herufi za mbali kama T.

Lakini nikirudia hayo niliyoandika, najiuliza nawaambia akina nani. Mwenye studio ya picha, karani wa stesheneri, mama anayetoa picha za pasipoti, hao wanatakiwa wawe na mita na risasi ili kutumia kitu walichokilipia? Na kadi niliyojaribia siku ile mashine inaganda katikati ya kazi iliharibika jedwali lake la faili. Nilipopitisha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, folda ikarudi na jina FOUND.000, ndani yake FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, picha zilizokatika nusu, nyingine kijivu tupu kuanzia katikati. Ilikuwa kadi ya majaribio. Ingekuwa ya harusi ya mtu, hakuna nyaya za kubana zingerudisha siku hiyo. Kwa hiyo jaribuni kwa kadi isiyo na picha za muhimu tu, na kwenye ile ya SD sukumeni kile kifungo cha pembeni upande wa kufunga, japo si kadi rida zote zinazokiheshimu.

Nilianza na nyota moja, hapo katikati nilikuwa nimefika nne. Naacha mbili. Kile kipande cha waya nilichokikata, pamoja na ganda lililobanwa meno, nimekigandisha kwa selotepu kwenye risiti. Nikipita tena mtaa ule nitakiweka juu ya kaunta yake, na nitamwomba tena ashushe kadi moja ukutani aichomeke.