OutputStreamWriter ya Java: mchapakazi anayenyamaza asipotakiwa kunyamaza

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya alama ya kuuliza, na nitaeleza.

Kazi yangu ni programu za kutoa ripoti, kwa hiyo maandishi yangu mengi hupitia kwenye klasi hii ya lugha ya programu ya Java. Soketi (njia za mawasiliano ya mtandao) na faili hazijui herufi, zinajua baiti tu. Wewe una String mkononi, upande wa pili kuna OutputStream, yaani mkondo wa kutolea baiti, na OutputStreamWriter inakaa katikati ikigeuza herufi kuwa baiti kwa usimbaji uliouchagua, yaani kanuni ya herufi ipi iwe baiti zipi. Ipo tangu JDK 1.1 (toleo la awali la Java) ya mwaka 1997, na nikiandika

new OutputStreamWriter(mkondo, StandardCharsets.UTF_8)

sina wasiwasi na kitakachotoka. Ukiacha kutaja usimbaji, hapo ndipo pana kamari: kabla ya Java 18 ya mwaka 2022 ilichukua ule wa mashine, kwa hiyo programu ileile iliweza kutoa baiti tofauti kwenye Windows na kwenye Linux. Siku hizi chaguo-msingi ni UTF-8. Mimi bado nautaja, maana seva za wateja hazihami toleo haraka hivyo.

Sasa alama ya kuuliza. Mteja mmoja alidai faili la ISO-8859-1 kwa ajili ya mfumo wake mkongwe. Majina na maelezo yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye programu ya uchapaji, ile inayopindisha ritifaa (ile alama ya juu katika ng'ombe) bila kukuomba ruhusa. Ritifaa iliyopinda ina namba U+2019 katika orodha ya Unicode, na ISO-8859-1 haina nafasi yake. OutputStreamWriter haikugoma wala haikuonya. Iliweka baiti 3F, yaani alama ya kuuliza, ikaendelea na safari, na ripoti ikatoka imejaa "ng?ombe" na "ng?ambo".

Wengi huogopa zaidi ule uchafu wa "ngâ€™ombe", unaotokea faili la UTF-8 likisomwa kama windows-1252. Mimi naona huo una nafuu kubwa. Baiti E2 80 99 bado zimo ndani ya faili salama salimini. Fungua upya kwa usimbaji sahihi na neno linarudi. Ikishaandikwa 3F, hakuna wa kukuambia kama pale palikuwa na ritifaa, alama ya yuro au swali halisi la mtu.

Dawa ipo ndani ya klasi yenyewe, ila imefichika. Badala ya kuipa usimbaji, ipe msimbaji:

new OutputStreamWriter(mkondo, StandardCharsets.ISO_8859_1.newEncoder())

Tofauti inaonekana ndogo, lakini tabia inabadilika kabisa: msimbaji huyo, ikija herufi asiyoiweza, hurusha UnmappableCharacterException na kazi inasimama. Ujumbe wake lakini ni wa kukasirisha: "Input length = 1". Herufi gani? Mstari upi? Utafute mwenyewe. Hata hivyo afadhali programu inayoanguka ofisini kwangu kuliko ripoti mbovu inayomfikia mteja kimya kimya.

Kwa kasi sina malalamiko, mradi uivishe BufferedWriter kwa juu, kama nyaraka zake zenyewe zinavyoshauri, la sivyo kila write() inaamsha msimbaji. Na uifunge. Ina bafa yake ya ndani, yaani hifadhi ya muda ya baiti, kwa hiyo faili fupi lisilofungwa wala kufanyiwa flush() (kusukuma kilichobaki humo) linaweza kubaki na ukubwa wa sifuri huku programu ikidai imemaliza vizuri. Try yenye mabano, ile inayofunga yenyewe mwishoni, inamaliza suala hilo.

Isipokuwa kwenye zip. Ukifunga writer, inafunga na mkondo ulio chini yake, na ZipOutputStream ikishafungwa huongezi faili la pili. Hapo tumia flush(), kisha closeEntry(), na writer uiache wazi mpaka faili la mwisho liingie.

Kituko kidogo: iulize getEncoding() na itakujibu "UTF8", bila kistari, jina la zamani. Haina madhara mpaka mtu alinganishe jibu hilo na "UTF-8" kwa equals.

Kwa faili la kawaida la diskini siitumii tena moja kwa moja. Files.newBufferedWriter tangu Java 8 inachukua UTF-8 bila kuulizwa, na ukiipa usimbaji mwingine inagoma kwa herufi isiyowezekana badala ya kubandika alama ya kuuliza. OutputStreamWriter naitumia kwa soketi, zip na majibu ya HTTP, kokote ninakokabidhiwa OutputStream iliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine.